Ziti, chai na takrima: rushwa inapojificha ndani ya maneno

Msikilizaji, mwanzoni mwa mwaka 2018, katika mahakama ya shirikisho mjini New York, jopo la raia 12 lilisomewa barua pepe za wanaume wawili waliokuwa wakizungumzia chakula. Mmoja alikuwa Joseph Percoco, msaidizi wa karibu wa Gavana Andrew Cuomo wa jimbo la New York. Ukaribu wao ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Cuomo, akimzika baba yake mwezi Januari mwaka 2015, alimtaja Percoco kuwa mtoto wa tatu wa marehemu. Mwingine alikuwa Todd Howe, mshawishi aliyelipwa na makampuni ili ayafungulie milango ya serikali. Chakula chenyewe kilikuwa ziti, tambi za Kitaliano fupi zenye tundu katikati. Percoco alikuwa akiuliza ziti iko wapi na kwa nini imechelewa.

Waendesha mashtaka waliliambia jopo kwamba hakuna aliyekuwa na njaa. Ziti ilikuwa fedha. Kwa mujibu wa mashtaka, Percoco alipokea zaidi ya dola laki tatu kutoka kwa makampuni mawili yaliyokuwa na shida serikalini. Sehemu kubwa ilipitia kwa mkewe, aliyepewa kazi ya kuwafundisha watoto wa shule za msingi kuhusu nishati kwa malipo ya dola 7,500 kwa mwezi, kazi ambayo upande wa mashtaka ulidai haikuwa na uzito wa mshahara huo.

Neno ziti hawakulibuni wao. Walilichukua kwenye televisheni, katika mfululizo wa The Sopranos, tamthilia ya familia ya wahalifu wa New Jersey iliyoonyeshwa na kituo cha HBO kuanzia mwaka 1999 hadi 2007. Humo, sanduku moja la ziti ni dola 1,000. Tamthilia ilikuwa imeiga lugha ya wahalifu. Sasa afisa wa ofisi ya gavana alikuwa akiiga lugha ya tamthilia.

Msikilizaji wa Afrika Mashariki hahitaji kufundishwa mbinu hiyo. Barabarani huombwa chai, ofisini huombwa kitu kidogo. Nchini Tanzania, mwezi Aprili mwaka 2008, Waziri wa Miundombinu Andrew Chenge aliulizwa na waandishi wa habari kuhusu akaunti yenye dola zipatazo milioni moja kisiwani Jersey, naye akaziita vijisenti. Alikana kufanya kosa lolote, akajiuzulu uwaziri, na neno hilo likabaki vinywani mwa watu mpaka leo. Kila jamii ina kamusi yake ndogo ya namna hii. La kujiuliza ni neno lipi mahakama italitambua kuwa ni hongo, na hapo ndipo historia ya miaka thelathini iliyopita nchini Marekani inapokuwa na jambo la kutueleza.

Mfululizo huo wa The Sopranos una sehemu moja, iliyoonyeshwa tarehe 27 Oktoba mwaka 2002, ambayo jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Kutazama Televisheni Kupita Kiasi. Ndani yake tunamwona Ronald Zellman, mjumbe wa baraza la kutunga sheria la New Jersey, akishirikiana na mkuu wa genge Tony Soprano na kiongozi wa asasi isiyo ya kibiashara. Wananunua kwa bei ya kutupa nyumba zilizochakaa mjini Newark, wanatumia jina la mtu mwingine, kisha wanachukua mikopo inayodhaminiwa na wizara ya makazi ya serikali kuu kwa ahadi ya kuzikarabati kwa ajili ya maskini. Hakuna anayekarabati chochote. Vijana wa genge wanang'oa mabomba ya shaba na kuyauza. Zellman na mwenzake wanakumbushana jinsi walivyokuwa wanaharakati katika miaka ya 1960, huku wakigawana fedha za mtaa waliodai kuupigania.

Nimetazama tamthilia nyingi za uhalifu katika miaka yangu nje ya Afrika, na ni chache zilizoeleza ufisadi kwa usahihi wa namna hii: asasi yenye jina zuri, fomu zilizojazwa vizuri, na hasara isiyokuwa na mwenyewe. Katika sehemu hiyo hiyo yupo pia Adriana, mchumba wa mmoja wa vijana wa genge, ambaye FBI inambana atoe siri. Anatazama tamthilia nyingine ya mahakamani na kuamini kwamba akiolewa hataweza kulazimishwa kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. Baadaye anafahamishwa kwamba kinga hiyo ina mipaka. Televisheni imempotosha kuhusu sheria, na hapo ndipo jina la sehemu hiyo linapopata maana yake.

Kwamba watazamaji wa Marekani walizoea kuiona rushwa kama mkono unaopokea noti, hilo lina sababu yake katika mambo yaliyotokea kweli. Tuanzie Kentucky. Mji mkubwa wa jimbo hilo ni Louisville, unaojulikana duniani kwa mbio za farasi na kwa kuwa alikozaliwa Muhammad Ali. Makao makuu ya jimbo, hata hivyo, ni mji mdogo wa Frankfort, mwendo wa saa moja kwa gari kuelekea mashariki. Huko, mwaka 1992, Shirika la Upelelezi la Marekani FBI lilifichua operesheni lililoipa jina la BOPTROT. Wabunge wa jimbo walikuwa wakiuza kura zao kuhusu miswada ya mbio za farasi wanaokokota vigari. Mshawishi mmoja aliyebanwa na wapelelezi alikubali kushirikiana nao, akawa anagawa fedha huku kamera na vinasa sauti vilivyofichwa vikifanya kazi.

Spika wa Baraza la Wawakilishi, Don Blandford, alinaswa akipokea dola 500. Katika kanda hiyo anasikika akimwombea baraka mtoaji, kwa msemo ambao bibi yeyote wa kusini mwa Marekani angeutumia baada ya kuletewa kapu la mahindi. Alitiwa hatiani mwaka 1993 na kuhukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka mitano. Kwa jumla wabunge 15, waliokuwa madarakani na waliokwisha ondoka, walitiwa hatiani. Kiasi kilichowaangusha baadhi yao kilikuwa mamia machache tu ya dola. Mwaka 1993 jimbo lilipitisha sheria ya maadili ya wabunge.

Hiyo ndiyo rushwa inayopendwa na televisheni. Kuna uso, kuna mkono, kuna noti, na kuna kamera iliyojificha. Yanahitajika mambo machache kuieleza, na saa moja inatosha.

Sasa tuelekee kaskazini, ukingoni mwa Mto Niagara, karibu na mpaka wa Kanada. Hapo upo mji wa Buffalo, na jirani yake wa kaskazini ni Tonawanda. Hili ni eneo la viwanda. Tonawanda kumekuwa na kiwanda cha injini za General Motors tangu mwaka 1938. Kusini mwa Buffalo kulikuwa na viwanda vikubwa vya chuma, ambavyo vilifungwa kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuacha mashamba ya kutu na maelfu ya watu bila kazi. Miaka ya karibuni nyumba nyingi za eneo hilo zimepata wakazi wapya, wakiwemo Wakongo, Warundi na Wasomali Wabantu, na Kiswahili kinasikika madukani na makanisani. Wao, kama wenyeji waliowatangulia, walikuwa na sababu ya kusikiliza kwa makini serikali ilipozungumza kuhusu ajira.

Mwezi Januari mwaka 2012 Gavana Cuomo alitangaza kwamba jimbo litatoa dola bilioni moja kuufufua uchumi wa Buffalo. Mradi mkubwa kuliko yote ukawa kiwanda cha mitambo ya umeme wa jua mahali paitwapo Riverbend, kwenye ardhi iliyokuwa ya kiwanda cha chuma. Serikali ya jimbo iligharimia ujenzi huo kwa mamia ya mamilioni ya dola. Fedha hazikupitia idara ya kawaida ya ujenzi. Zilipitia asasi isiyo ya kibiashara iliyofungamana na chuo kikuu cha jimbo, ambamo Alain Kaloyeros, mwanafizikia aliyekiongoza chuo hicho, alikuwa na sauti kubwa.

Zabuni ilipotangazwa, ilimtaka mjenzi awe na uzoefu wa miaka 50 katika eneo la Buffalo. Kampuni ya Louis Ciminelli, mfanyabiashara wa mji huo aliyechangia kampeni za gavana, ilikuwa na uzoefu huo. Washindani wake ilikuwa vigumu kuufikia. Waandishi wa habari wa Buffalo walipoanza kuuliza, waliambiwa kwamba 50 ilikuwa kosa la uchapaji, na kwamba iliyokusudiwa ni 15.

Msikilizaji, hapa sipati nafasi ya kuweka kamera iliyofichwa. Hakuna bahasha. Todd Howe, yule yule wa ziti, alikuwa akilipwa na kampuni ya Ciminelli kama mshauri na wakati huo huo akimshauri Kaloyeros. Waendesha mashtaka walisema hiyo ndiyo njia iliyotumika kuiandika zabuni kwa kipimo cha mtu mmoja, kama fundi anavyoshona koti. Upande wa utetezi ulijibu kwamba kiwanda kilijengwa, bei haikuonyeshwa kuwa ya wizi, na jimbo lilipata ilicholipia. Mwezi Julai mwaka 2018 jopo la mahakama liliwatia hatiani Kaloyeros, Ciminelli na wenzao. Kaloyeros alipewa kifungo cha miaka mitatu na nusu, Ciminelli miezi 28. Percoco, katika kesi yake iliyotangulia, alikuwa amekwisha tiwa hatiani na akahukumiwa miaka sita. Cuomo mwenyewe hakushtakiwa katika kesi hizo.

Howe alikuwa shahidi mkuu wa serikali dhidi ya Percoco, na mwandishi wa tamthilia asingethubutu kumbuni. Akiwa kizimbani mwezi Februari mwaka 2018, akihojiwa na mawakili wa utetezi, alikiri kwamba baada ya kutia saini mkataba wa kushirikiana na serikali alikuwa amejaribu kuidanganya kampuni ya kadi yake ya benki ili asilipe gharama ya hoteli ya kifahari. Alikamatwa usiku ule ule.

Tamthilia ingekomea kwenye hukumu. Historia iliendelea kwa miaka mitano zaidi. Tarehe 11 Mei mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu mbili kwa pamoja. Katika ile ya Ciminelli, majaji wote tisa walikubaliana kufuta hatia yake. Jaji Clarence Thomas aliandika kwamba sheria ya udanganyifu iliyotumika inalinda mali. Kumficha mtu taarifa ambazo zingemsaidia kuamua vyema ni jambo baya, lakini taarifa hizo si mali, na kumnyima si kumwibia. Katika hukumu ya pili, mahakama ilifuta hatia ya Percoco iliyohusu kipindi cha mwaka 2014 alipokuwa ametoka ofisini kusimamia kampeni ya gavana, kwa sababu maelezo yaliyopewa jopo kuhusu wajibu wa mtu asiye na cheo yalikuwa ya kubabaisha.

Mtu anaweza kuilaumu mahakama hiyo, lakini si haki kusema kwamba ilibariki rushwa. Hoja yake ni ya zamani na ina uzito: raia asifungwe kwa kosa ambalo hakuna aliyeliandika waziwazi kwenye sheria. Waendesha mashtaka wa shirikisho walizoea kulinyoosha neno udanganyifu mpaka likafika kila mahali. Hata hivyo mwelekeo unaonekana. Mwaka 2016 mahakama hiyo ilifuta hatia ya Bob McDonnell, aliyekuwa gavana wa Virginia, ambaye pamoja na mkewe walipokea zawadi na mikopo ya zaidi ya dola 175,000, ikiwemo saa ya Rolex. Kumpangia mfadhili mikutano na maafisa, walisema majaji, peke yake si tendo la kiserikali. Mwezi Juni mwaka 2024 ikaja kesi ya James Snyder, meya wa zamani wa mji mdogo wa Portage huko Indiana. Mji wake ulinunua magari ya taka kwa dola milioni 1.1 kutoka kwa kampuni moja. Baadaye kampuni ikampa yeye dola 13,000. Kwa kura sita dhidi ya tatu, mahakama ilisema sheria ya shirikisho inayowahusu maafisa wa majimbo na miji inakataza hongo iliyokubaliwa kabla ya tendo, haikatazi shukrani inayotolewa baada yake.

Shukrani. Watanzania tuna neno lake, na tuliwahi kulipeleka mahakamani. Mwaka 2000 Bunge la Tanzania liliifanyia marekebisho sheria ya uchaguzi na kuruhusu takrima, yaani ukarimu wa jadi ambao mgombea anaweza kuwafanyia wapiga kura kwa nia njema. Neno lenyewe ni zuri. Lina asili moja na ukarimu na karama. Wagombea wakagawa pilau, khanga, vinywaji na usafiri, na mahakama zikashindwa kutofautisha sahani ya mgeni na bei ya kura. Mashirika ya kutetea haki, kikiwemo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, yalifungua kesi, na mwezi Aprili mwaka 2006 Mahakama Kuu mjini Dar es Salaam ikatamka kwamba vifungu vya takrima vinakwenda kinyume cha Katiba, kwa sababu vinambagua mgombea maskini na kufungua mlango wa rushwa. Vikafutwa. Haina maana kwamba pilau za uchaguzi zilikoma Tanzania. Lakini mahakama ya nchi maskini ilikuwa imelichukua neno la heshima, ikalivua nguo, ikatazama kilicho ndani. Miaka 18 baadaye, mjini Washington, majaji sita walichagua kulitazama neno kama hilo kwa njia nyingine.

Isidhaniwe kwamba mlango umefungwa kabisa. Katika kaunti hiyo hiyo ya Buffalo na Tonawanda, jaji John Michalek alikiri mwezi Juni mwaka 2016 kupokea rushwa kutoka kwa Steven Pigeon, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa chama cha Democratic wa kaunti. Hapakuwa na noti hata moja. Zilikuwa tiketi za mchezo wa magongo wa barafu na msaada wa kuwatafutia ndugu kazi, vyote vikiwa vimeandikwa katika ujumbe wa simu na barua pepe. Pigeon naye alikiri mwaka 2018.

Na kuna Columbus, makao makuu ya Ohio, mji wenye moja ya jamii kubwa kabisa za Wasomali nchini Marekani na Waafrika Mashariki wengine wengi. Mwaka 2019 Baraza la Wawakilishi la jimbo, chini ya Spika Larry Householder, lilipitisha sheria iliyojulikana kama Muswada Namba 6. Ilikusudia kuwatoza wateja wa umeme zaidi ya dola bilioni moja ili kuokoa vinu viwili vya nyuklia vilivyokuwa vya kampuni tanzu ya FirstEnergy, na pia kusaidia mitambo miwili ya zamani ya makaa ya mawe, ambayo mmoja wake hauko hata ndani ya Ohio. Kilichofuata kinamkumbusha Mtanzania mkasa wa Richmond, mkataba wa umeme wa dharura uliomfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu mwezi Februari mwaka 2008. Umeme una tabia hii kokote: kila mtu lazima anunue, na wachache wanaelewa bili.

FBI ilimkamata Householder mwezi Julai mwaka 2020. Zipatazo dola milioni 60 zilikuwa zimepitia asasi isiyo ya kibiashara iitwayo Generation Now, jina ambalo Zellman wa tamthilia angelifurahia. Kwa fedha hizo aliwapigia kampeni wagombea waliomchagua kuwa spika, akaipitisha sheria, kisha akaitetea dhidi ya wananchi waliokusanya saini wakitaka ipigiwe kura ya maoni. Matangazo ya televisheni yaliwatisha watu wa Ohio kwamba nyuma ya saini hizo ipo serikali ya China. Mwanasiasa mmoja, Matt Borges, alimpa hundi ya dola 15,000 mtu wa ndani ya kampeni ya saini ili atoe siri. Mtu huyo alikwisha kwenda FBI na alikuwa amevaa kinasa sauti. Karibu nusu milioni ya dola ilimfikia Householder binafsi, ikalipa madeni yake na kutengeneza nyumba yake Florida.

Akiwa tayari ameshtakiwa, wapiga kura wa wilaya yake walimrudisha barazani mwezi Novemba mwaka 2020. Wenzake walimfukuza mwaka uliofuata. Utetezi wake ulikuwa kwamba michango ya kisiasa ni jambo la kawaida Marekani, na kwa maneno matupu hakukosea. Lakini mwezi Machi mwaka 2023 jopo la mahakama mjini Cincinnati liliona mapatano yaliyofanywa kabla, fedha kwa sheria, na mwezi Juni akahukumiwa miaka 20. Borges alipewa mitano. Mahakama ya rufaa iliziunga mkono hukumu hizo mwezi Mei mwaka 2025.

FirstEnergy ilikuwa imekubali mwaka 2021 kulipa faini ya dola milioni 230, na mwaka huo huo wabunge walifuta sehemu ya sheria iliyovinufaisha vinu vya nyuklia. Ile ya mitambo ya makaa ya mawe waliiacha. Iliondolewa kwa sheria mpya ya mwaka 2025, na mpaka hapo, kwa miaka kadhaa baada ya spika kukamatwa na hata baada ya kufungwa, familia za Columbus ziliendelea kuilipia kila mwezi kwenye bili ya umeme.